Baa ya Kirumba Ambako Muziki Haushindani na Mazungumzo

Mwanza haina upungufu wa mahali pa kunywa. Kuanzia Nyegezi hadi Igoma, na kutoka Buhongwa hadi njia ya uwanja wa ndege, kila kituo cha daladala kina baa yake, na nyingi kati ya hizo zina taa za rangi na spika kubwa zilizoelekezwa barabarani kana kwamba mteja anayetafutwa yuko ng'ambo ya ziwa. Humo mtu huagiza kwa ishara za vidole kwa kuwa sauti haifiki, na marafiki waliokwenda kupeana habari huishia kutazama simu zao. Sizichukii baa hizo, na nimecheza muziki katika baadhi yake hadi viatu vikanibana. Ninapotaka kuzungumza na mtu, hata hivyo, nakwenda Kirumba, kwenye baa ambayo mjomba wangu alikuwa mteja wake kabla mimi sijazaliwa.

Sitaiandika kwa jina, kwa sababu mwenye nyumba ameniomba nisifanye hivyo; anasema wateja alionao wanamtosha. Isitoshe, wateja wenyewe hawalitumii jina lililoandikwa kwenye leseni. Wao husema wanakwenda kwa Mama, na kila mkazi wa mtaa ule anaelewa ni mama yupi. Ukishuka kwenye daladala karibu na uwanja wa CCM Kirumba ukaelekea upande wa ziwa, harufu ya dagaa wanaopakiwa kwenye magunia kule Mwaloni hukupokea mapema, na makorongo waliotua juu ya mabati hukutazama bila haraka yoyote. Baa iko kwenye kichochoro ambacho bajaji inapita kwa shida.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili kama zilivyo nyumba nyingi za zamani za mtaa huo: kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na uwani nyuma. Kilichobadilishwa ni kidogo. Ukuta uliotenganisha vyumba viwili vya mbele ulivunjwa ili ipatikane nafasi ya kaunta, sakafu ikapigwa saruji nyekundu ambayo sasa imefifia katika njia ya kutoka mlangoni hadi uwani, na ukumbini zikawekwa meza za mbao zenye miguu mifupi pamoja na viti vya chuma vilivyosukwa kwa kamba za plastiki, vile ambavyo humwachia mtu mistari mapajani akikaa muda mrefu. Juu ya friji zipo picha ya Mwalimu Nyerere, picha ya Rais aliyeko madarakani, na leseni ya mwaka huu. Hakuna pambo lililonunuliwa ili mahali paonekane pa zamani, na nadhani hiyo ndiyo sababu panaonekana pa zamani kweli.

Kaunta inastahili maelezo yake. Imezungushiwa wavu wa chuma kutoka kifuani hadi darini, na katikati kimeachwa kidirisha kinachotosha kupitisha chupa mbili na mkono wa mtu. Chini ya kidirisha kuna ubao mnene wa mninga ambao ukingo wake umeliwa na kuachwa na vijishimo visivyohesabika, vingine vikiwa na kina cha kuingia ncha ya kidole. Nilidhani ni kazi ya mchwa hadi mhudumu aliponionyesha: zamani, opena ilipopotea, na opena za baa hupotea kila wiki, chupa iliegeshwa ukingoni mwa ubao na kugongwa kwa kiganja, kizibo kikaruka. Kila kijishimo ni bia ya mtu fulani. Nilipitisha kidole katika ukingo ule taratibu kuanzia upande mmoja hadi wa pili, nikatambua kwamba vijishimo vimejazana zaidi upande wa kushoto wa kidirisha. Mama alisema bila kufikiri sana kwamba marehemu mume wake alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Uwani kuna jiwe. Anayeijua Mwanza hatashangaa, kwa kuwa mji huu umejengwa katikati ya miamba na mara nyingi binadamu ndiye aliyelazimika kuipisha. Hapa fundi aliupinda ukuta wa uwani ukalizunguka jiwe lote, na jiwe likabaki ndani ya nyumba likiwa na kimo cha mtu mzima aliyesimama. Upande wake wa chini, ambako wazee huegemea baada ya jua kupungua, limelainika na kung'aa kwa ajili ya migongo yao. Kwenye kivuli chake ndiko linakochezwa drafti, ubao ukiwa ni kipande cha mbao kilichochorwa kwa mkaa na kete zikiwa ni vizibo, vya upande mmoja vikiwa vimelala kifudifudi na vya upande mwingine chali. Wachezaji ni wawili, lakini wanaofundisha jinsi ya kucheza hawapungui sita.

Jambo linaloitofautisha baa hii na nyingine zote ninazozijua ni utaratibu wake, ambao haujaandikwa popote. Anayeingia husalimia ukumbi mzima kabla ya kukaa. Mjomba wangu, akifika mlangoni pa kaunta, huvua kofia na kusalimia kwa Kisukuma, "Mwadila mayu," naye Mama hujibu, "Mwadila baba, mhola?" na baada ya hapo huulizana habari za watoto, za mvua, na za mgonjwa fulani aliyelazwa Bugando, kabla ya bia kutajwa. Mimi husema shikamoo, nikaitikiwa marahaba mwanangu, na kuulizwa kama mama yangu anajua niko wapi. Swali hilo huulizwa kwa utani, lakini nimeona vijana waliolishindwa wakirudishwa nyumbani.

Kisha mhudumu huuliza swali ambalo mgeni kutoka nje ya nchi hulishangaa: "Baridi au moto?" Wazee wa upande ule wa jiwe hunywa ya moto, yaani isiyowekwa kwenye friji, na wanazo hoja zao. Mmoja anasema ya baridi huficha ladha. Mwingine anasema humpa kikohozi. Mjomba anasema alijifunza kunywa bia katika miaka ambayo friji la mafuta ya taa lilikuwa la bwana mkubwa peke yake, na mazoea hayana tiba. Chupa hufunguliwa mbele ya mteja, si kaunta, na mhudumu hukirudisha kizibo juu ya mdomo wa chupa ili nzi wasiingie. Zikiisha, chupa tupu haziondolewi mezani. Zinabaki pale zikipangwa ukutani au chini ya meza, na wakati wa kulipa mteja na mhudumu huzihesabu pamoja kwa sauti, jambo ambalo huzuia ugomvi wa hesabu kuliko risiti yoyote. Pia humwonyesha mtu, mbele ya jirani zake, ni kiasi gani amekunywa.

Muziki upo. Redio moja imewekwa kwenye rafu nyuma ya wavu, nayo hupiga zilipendwa kwa sauti ya kiasi, magitaa ya bendi za miaka ya 1960 na 1970 yakisikika kwa wanaotaka kuyasikiliza. Kipimo cha sauti ni mezani: ikiwa watu wawili waliokaa kwenye meza moja wanalazimika kuinamiana ili wasikilizane, redio inapunguzwa, na yeyote anaruhusiwa kudai hivyo.

Nilipomuuliza Mama baa ilianza lini, alinipa mfuatano wa watu bila kutaja mwaka. Mama mkwe wake ndiye aliyeanza, akiwa anauza walwa, pombe ya mtama, uwani, wakati Waingereza bado wapo. Katika utawala wa kikoloni, sheria za vileo ziliwagawa wanywaji kwa rangi: bia ya chupa na pombe kali zilihesabiwa kuwa za Wazungu, na kwa muda mrefu Mwafrika alizuiwa kuzinunua, huku pombe za kienyeji zikitakiwa kuuzwa katika vilabu vilivyoidhinishwa ambako serikali ilikusanya ada. Hata baada ya vizuizi kulegezwa, bei ya chupa ilitosha kuwazuia wengi. Kwa hiyo uwani palikuwa pa walwa na rubisi, pombe ya ndizi iliyoletwa na Wahaya, watu wakakaa kuizunguka, na ukumbi wa bia ukaongezwa baadaye, fedha zilipopatikana.

Fedha zilitoka kwenye pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kabla ya hapo marobota yalivushwa ziwani hadi Kisumu ili yapande treni ya kwenda Mombasa. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa shirikisho lililojulikana kwa herufi zake, VFCU, likiongozwa na Paul Bomani, na katika miaka iliyofuata mkulima wa Usukuma alianza kuuza dhahabu yake nyeupe kupitia chombo chake mwenyewe. Wazee wa kwa Mama wanaukumbuka msimu wa mauzo kuliko wanavyoikumbuka Krismasi. Mtu alitoka Magu au Kwimba akiwa na fedha za mavuno mfukoni, akanunua baiskeli, bati na kanga za mke wake, na kilichosalia akakileta Kirumba. Wengine, nimeambiwa kwa kicheko kirefu, waliirudisha baiskeli dukani kabla hawajaondoka mjini.

Aliyenisimulia vizuri zaidi ni mzee mmoja aliyestaafu kazi ya melini, ambaye kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine hata akiwa safarini. Yeye hupima historia kwa vyombo vya majini na aina za bia. Anasema ujana wake ulikuwa wa Tusker, bia iliyotengenezwa Kenya tangu miaka ya 1920, iliyowafikia kwa meli kutoka Kisumu wakati meli zote za ziwani zilikuwa za shirika moja la Afrika Mashariki.

"Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa," aliniambia. "Sisi tulibaki na meli ya Victoria, wao wakabaki na Tusker. Mwanangu, hapo nilijua kwamba siasa inaweza kumfikia mtu mpaka kwenye glasi."

Miaka iliyofuata anaizungumzia kwa upole zaidi. Vita ya Kagera ilikwisha mwaka 1979 ikiwa imeigharimu nchi fedha nyingi, viwanda vikakosa vipuri na malighafi, na kufikia msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, sabuni, sukari na bia vilikuwa bidhaa za kupangia foleni. Mama, aliyekuwa ameolewa katika nyumba hiyo kwa muda mfupi tu, alikabidhiwa kazi ya kugawa: kila mteja chupa mbili, na asiyekuwepo wakati wa kugawa hakuwekewa. Nilimuuliza kama watu waligombana. Alisema walipigana mara chache, lakini ndipo desturi ya kusalimia ukumbi mzima ilipokolea, kwa kuwa mwenye chupa yake ya pili aliangalia nani amemsalimia na nani hakumsalimia kabla ya kuamua kugawana.

Baadaye ukaja wakati wa sangara. Viwanda vya minofu vilipoongezeka katika miaka ya 1990, Kirumba ilipata wateja wapya wenye mikono yenye makovu ya nyavu, waliolipwa leo na kutumia leo, na wanawake waliokaanga mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa, nje ya mlango kwa ajili ya wasio na uwezo wa kununua minofu yenyewe. Baa nyingi za mtaa zilibadilika kipindi hicho: zikaweka spika, vyumba vya kulala wageni na taa nyekundu. Mume wa Mama alikataa, si kwa ucha Mungu, bali kwa hesabu. Alisema mvuvi anakuja na fedha msimu mmoja, ila mstaafu anakuja na chupa mbili kila siku ya maisha yake.

Lipo daftari. Ni daftari kubwa la hesabu lenye jalada gumu, lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndani yake wateja wanaokopeshwa huandikwa kwa majina ya utani, kwa sababu daftari la mkopo likisomwa na mke wa mtu huleta kesi. Mengine ya zamani yamehifadhiwa kwenye sanduku. Mama alinifungulia lile la mwaka 1996. Asubuhi ya tarehe 21 Mei mwaka huo meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakapoteza maisha. Miili mingi ilipelekwa uwanja wa Nyamagana ili ndugu waitambue, na wengi walizikwa Igoma. Katika daftari lile, madeni yaliyolipwa yamewekewa alama ya vema. Kurasa za mwezi wa tano zina majina matatu yaliyokatwa kwa mstari ulionyooka wa rula, bila alama yoyote na bila kiasi. Sikuuliza, naye alilifunga daftari akalirudisha mahali pake, kisha akamwita mhudumu amletee mzee wa melini ya moto nyingine.

Chakula si cha baa, na hilo ni vyema mgeni alifahamu mapema. Jiko lililoko kibarazani ni la mama mwingine anayelipa kodi ya nafasi, kwa hiyo samaki hulipiwa kwake na bia hulipiwa kaunta, na anayejaribu kuunganisha hesabu hizo mbili hujipatia adui wawili. Sato wake huchanjwa mistari pande zote, akapakwa chumvi, ndimu na tangawizi, kisha akachomwa polepole huku mkaa ukipunguzwa badala ya kuongezwa. Huletwa kwenye sinia pamoja na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili ya kusagwa, na maji ya kunawa humwagwa kwa birika kuanzia kwa aliye mkubwa. Nimekula sato katika hoteli za Capri Point kwa bei ya juu zaidi na sijaona kilichoongezwa isipokuwa uma.

Nilitarajia kwamba mwanamke aliyekaa na bia yake mwenyewe angetazamwa. Ukumbini hutazamwa kidogo, ni kweli, hasa na wasiomfahamu. Uwani, hata hivyo, kuna meza ya wanawake wanaouza dagaa Mwaloni, ambao hufika wakiwa bado na vitenge vya kazini, huagiza Balimi, huhesabu fedha za upatu na kuondoka kabla giza halijaingia. Meza hiyo haiingiliwi. Mwanamume anayetaka kutuma ofa huko humtuma mhudumu kwanza aulize kama inapokelewa, na mara nyingi hurudishiwa shukrani bila chupa.

Sina hakika baa itadumu kwa hali hii. Mtaa unabadilika, viwanja vya Kirumba vina bei, na kijana wa Mama, ambaye ni mtu mwema na mwenye akili ya biashara, ameshaleta ramani ya ghorofa mbili yenye ukumbi wa kuonyeshea mpira. Televisheni imekwisha kuingia. Pamba, timu ya mji huu ambayo wazee bado huiita TP Lindanda, iliporejea Ligi Kuu mwaka 2024, wateja wenyewe ndio waliochanga kuinunua, na Mama alikubali kwa sharti kwamba izimwe sauti. Matokeo yake ni kwamba mtangazaji wa mechi ni mzee wa melini, ambaye huona vibaya, humwita kila beki kwa jina la mchezaji wa miaka ya 1980, na hukosolewa na uwani mzima. Mimi naona hiyo ni hasara ndogo. Kijana wa Mama anaona ni fedha zinazopotea, na nikimtazama akihesabu kreti za Jumamosi moja za baa ya jirani, siwezi kusema hajui anachokisema. Ninachomwambia ni kwamba ghorofa ataipata popote penye benki, ila watu wanaorudisha redio chini kwa sababu meza ya pili inazungumza hawauzwi pamoja na saruji. Hunijibu kwamba dada yangu, wewe hulipi kodi hapa. Ni kweli.

Anayetaka kwenda aende siku ya kazi, baada ya saa kumi jioni mlango unapofunguliwa, na aende na mtu anayefahamika pale au awe tayari kujieleza yeye ni wa nani. Abebe noti ndogo ndogo, kwa kuwa chenji ni tatizo la kudumu na mgeni haandikwi kwenye daftari. Asikae kwenye kiti cha kona kilicho karibu na jiwe hata kikiwa kitupu. Simu aichaji nyumbani kabla ya kutoka, kwa sababu kaunta ina soketi moja tu, nayo ni ya friji.